Injini Kuukuu Angani

Mtu apitaye Kariobangi, katika mtaa wa mafundi uitwao Light Industries, husikia milio ya nyundo tangu asubuhi. Hapo fundi aweza kuing'oa injini ya motokaa iliyochoka, akatia nyingine iliyokwisha tumika Japani, na motokaa ikarudi barabarani. Injini ya siku hizi ya lita 1.5 hutoa nguvu za farasi zaidi ya 100, na kompyuta ndogo ndiyo ipimayo petroli na kuamuru cheche.

Upande wa pili wa mji uko Uwanja wa Ndege wa Wilson, uliopewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 kwa ndege moja ya Gipsy Moth. Cessna 172, ndege ndogo ijulikanayo mno duniani, iliruka mara ya kwanza mwaka 1955. Tangu 1968, kwa miaka karibu ishirini, ilitiwa injini ya Lycoming O-320. Injini hiyo ni ya lita 5.2, nayo hutoa nguvu za farasi 150 au 160 tu. Ina kabureta, rubani mwenyewe huvuta kitasa kupunguza petroli apandapo juu.

Je, wahandisi walilala? Hasha! Rafadha haitaki kuzungushwa mbio mno, basi injini hii hutoa nguvu zake zote kwa mizunguko 2,700 kwa dakika, ambapo ile ya motokaa hudai 6,000 au karibu yake. Hupozwa kwa upepo, kwa hiyo haina maji ya kuvuja. Kila silinda ina plagi mbili, na magineto mbili huzalisha umeme wao zenyewe hata betri ikifa. Motokaa ikizimika katika Barabara ya Outer Ring husukumwa kando. Angani hakuna kando.

Tena, kila kipuri cha ndege hutakiwa kuwa na hati, na kila badiliko lijaribiwe kwa gharama kubwa. Kampuni ya Thielert ya Ujerumani ilithubutu kuigeuza injini ya dizeli ya Mercedes-Benz iwe ya ndege. Iliruka vizuri, lakini gia zake zilipaswa kutolewa kila baada ya saa 300, na mwaka 2008 kampuni ikafilisika.

Ukale huo, walakini, una deni lake. Kenya na majirani zake waliacha kutia risasi katika petroli ya motokaa kufikia mwanzo wa 2006. Mwezi wa Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna nchi tena iuzayo petroli hiyo kwa motokaa. Lakini petroli ya ndege iitwayo 100LL ingali na risasi, madini yadhuruyo akili za watoto. Na ndege za Wilson hupaa karibu na nyumba za Kibera na Lang'ata.