Rubani wa Ndola na Ushahidi wa Wachoma Makaa

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, mwaka 1961, ndege ya injini nne, aina ya DC-6, iliyoitwa Albertina, ilianguka msituni kiasi cha maili 9 kutoka kiwanja cha ndege cha Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Zambia. Ndani yake walikuwamo watu 16. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe ili mapigano ya Katanga yasimamishwe. Juu ya Hammarskjöld vimeandikwa vitabu vingi. Juu ya rubani wake, Kapteni Per Hallonquist, Mswidi, yameandikwa machache, na sehemu kubwa ya hayo machache yamtia hatiani.

Ndege iliondoka Léopoldville jioni. Kwa kuhofia ndege ya kivita ya Katanga, marubani waliandikisha safari ya Luluabourg, kisha wakazunguka kwa upande wa mashariki, kuelekea Ziwa Tanganyika, huku wakinyamaza katika redio kwa muda mrefu. Dakika 10 baada ya saa sita usiku waliiarifu Ndola kwamba taa za kiwanja zaonekana na kwamba wanashuka. Baada ya hapo hawakusikika tena. Lord Alport, Balozi wa Uingereza, aliyekuwapo kiwanjani, alidhani kwamba mgeni ameghairi na kwenda kwingine. Mabaki yakapatikana rasmi saa tisa alasiri ya siku iliyofuata, saa 15 baada ya ajali, mahali ambapo mtu aweza kufika kwa miguu kabla jua halijapanda sana.

Tume ya Uchunguzi ya Rhodesia, katika taarifa yake ya Februari 1962, ilisema kwamba rubani ndiye aliyekosea: alishuka chini mno, akagonga miti. Tume ya Umoja wa Mataifa, miezi miwili baadaye, haikuthubutu kukata shauri hivyo. Iliacha wazi uwezekano wa hujuma au shambulio. Magurudumu yalikuwa yameteremshwa kama inavyotakiwa, na vipimo vya kimo havikuonekana kuwa na kasoro. Ilitokea pia dhana ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuipita bila kusimama: kwamba huenda marubani waliitazama ramani ya Ndolo, kiwanja kilichoko Léopoldville, badala ya Ndola. Ndola iko futi zipatazo 4,160 juu ya usawa wa bahari. Ndolo haifiki hata futi 1,000. Irabu moja ingetosha kuwaua watu 16. Dhana hiyo haikuthibitishwa.

Lakini walikuwapo watu waliosema kwamba wameona. Nao ni wachoma makaa. Kazi yao yajulikana: tanuri likishafukiwa udongo, mwenyewe hukesha akililinda, maana likipasuka usiku, moto utakula kuni zote na asubuhi atakuta majivu. Kwa hiyo, kama yupo mtu aliyekuwa macho msituni saa ile, akitazama juu, ni mchoma makaa. Baadhi yao walieleza kwamba waliona ndege ya pili, ndogo kuliko ile kubwa. Wengine, kwamba ndege kubwa ilikuwa ikiwaka kabla haijaanguka. Harold Julien, askari wa usalama wa Umoja wa Mataifa, aliyeishi siku chache hospitalini kabla ya kufa, naye alitaja mlipuko na cheche angani. Maneno yake yaliwekwa kando kwa sababu ya ugonjwa. Ya wachoma makaa, kwa sababu walichelewa kusema na hawakupatana katika kila jambo.

Kuchelewa huko kwaeleweka. Watu waliofika kwenye mabaki mapema na kuchukua vitu walishtakiwa kwa wizi na kutiwa hatiani. Basi ni nani angekwenda polisi kwa hiari yake kusema kwamba naye alikuwa karibu? Tena maelezo yao yamehifadhiwa kwa Kiingereza cha baraza, na mengi ya yaliyopimwa kuwa hayapatani yamepimwa katika lugha hiyo.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2011, Susan Williams alipotoa kitabu chake, na Göran Björkdahl, Mswidi, alipotangaza mazungumzo yake na wazee wa Ndola. Mwaka 2013 tume ya hiari iliyoongozwa na Jaji Stephen Sedley iliwasikiliza mashahidi. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo chini ya Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Jopo liliupa ushahidi wa ndege zaidi ya moja uzito wa wastani. Hukumu hiyo ni ya haki: kumbukumbu ya miaka 50 huchanganyika na yaliyosikika baadaye, lakini kuchanganyika si kutoweka.

Othman aliendelea peke yake. Mwaka 2017 aliandika kwamba shambulio kutoka nje ni jambo linaloweza kuaminika kuwa chanzo, ingawa halijathibitishwa. Katika taarifa yake ya mwaka 2024 alisema kwamba habari mahususi zipo, nazo zimo mikononi mwa nchi wanachama chache ambazo hazijazitoa. Wachoma makaa walikwisha sema yao. Kinachongojewa ni makabati ya serikali, ambamo huenda yamo maneno yaliyonaswa redioni usiku ule. Mpaka sasa, katika taarifa ya Februari 1962, kosa bado limeandikwa kuwa ni la Hallonquist.