Samaki wa Kutiwa Chumvi

Lucky Summer, ukisema "mashine", watu wanafikiria kamari: unatumbukiza mbao, taa zinawaka, mbao imeenda. Mwaka wa 2018, Waziri Fred Matiang'i akiongoza msako, serikali ilizikusanya mitaani na kuzichoma.

New York ilishapitia hayo. Mwaka wa 1942 Meya Fiorello La Guardia alipiga marufuku pinboli, ule mchezo wa kijipira cha chuma chini ya kioo, na mashine zikavunjwa kwa nyundo. Kwake ilikuwa kamari ya kukomba senti za watoto wa shule. Marufuku iliondolewa 1976, baada ya Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kuwaonyesha kwamba mkono uliozoea huamua kijipira kiende wapi.

Mwaka wa 1992 kampuni ya Williams ya Chicago ikatoa Fish Tales. Kijipira unakirusha kwa mpini wa fimbo ya kuvulia. Ukinasa samaki, unaruhusiwa kumtia chumvi, azidi kukua kama wa wavuvi wote. Ukizidisha, unampoteza.

Pale anayedanganya ni mchezaji, na mkono wake una kazi. Kwa mashine za mtaani, kazi ya mkono ni kutoa mbao nyingine tu.