Kopo la Bibi

Wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimewafundisha vijana wa ualimu kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwa mwalimu wa Historia na baadaye mkuu wa chuo, lakini maana yake kamili niliipata nikiwa na umri wa miaka 72, nimepiga magoti katika vumbi la Kariakoo na mwiko wa mwashi mkononi.

Nyumba yetu ilikuwa Mtaa wa Sikukuu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi unaopita katikati mpaka uani, ambako palikuwa na jiko, choo na stoo. Bibi yangu, mzaa mama, aliinunua kwa fedha ya vitumbua na kodi ya wapangaji. Alikuwa ametoka Tabora kwa gari moshi akiwa msichana. Mwaka 2022 sisi warithi tulikubaliana kuiuza, maana majumba ya ghorofa yalikuwa yameizunguka pande zote, na mvua ikinyesha maji yao yote yalikuja kwetu. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liungue usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mtaa mzima ulikuwa bado unalizungumza.

Kabla ya kukabidhi funguo, mjukuu wangu mmoja, aliyekuwa amefanya kazi na wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita, alikuja na mashine ambayo wenyewe huiita ditekta.

"Shikamoo babu. Nyumba ya zamani kama hii haikosi kitu. Tupime kabla watu hawajaja na makatapila yao."

"Marahaba. Unatafuta mali ya Mjerumani?" nilimtania.

Msomaji, unazijua hadithi hizo. Hakuna kijiwe Tanzania ambacho hakina mtu anayemjua mtu aliyeiona ramani ya hazina ya Wajerumani, au anayetafuta rupia yenye miujiza. Wengi wameuza mashamba kwa ajili ya rupia hiyo, na aliyepata faida ni tapeli. Nilimwonya pia kijana kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kwamba hairuhusiwi kuchimba kuvitafuta bila kibali. Lakini hapa palikuwa nyumbani kwetu, penye umri usiozidi miaka mia moja hivi, na tulichokitafuta kilikuwa kikuku cha fedha cha marehemu shangazi, kilichoanguka uani siku ya arusi yake. Nilikubali.

Mashine yenyewe si ya ajabu ukielezwa. Ule mduara wa chini una waya uliosokotwa, na umeme unaopita humo hutoa nguvu ya sumaku inayopenya ardhini. Ikikutana na metali, metali hiyo nayo huzalisha umeme mdogo na kuijibu mashine, nayo hulia masikioni mwa mtumiaji. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu chombo cha namna hiyo kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Alishindwa, na inasemwa springi za chuma za kitanda zilichangia kumvuruga. Nilimkumbuka Bell siku ile. Uani kwetu mashine ililia kila hatua: misumari, vipande vya bati, vizibo vya soda, sindano za cherehani, kufuli lisilo na ufunguo. Ditekta husema jambo moja tu, kwamba hapa pana metali. Haisemi ni ya nani, wala ilifikaje hapo.

Hata hivyo, kufikia adhuhuri tulikuwa na sarafu kumi na nne katika sahani ya bati, na mimi, mwalimu wa zamani, sikuweza kujizuia kufundisha. Zilizokuwa juu kabisa zilikuwa zetu wenyewe: senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na senti 5 yenye samaki, zote na kichwa cha Mwalimu Nyerere. Hizo zilianza kutumika mwaka 1966, Benki Kuu yetu ilipoanza kazi. Chini yake zilikuwa senti kumi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zenye tundu katikati na pembe za ndovu pembeni. Shilingi ya bodi hiyo iliingia mwaka 1921, na watoto wa rika langu tulizipitisha senti zile katika uzi tukazivaa shingoni kama hirizi.

Karibu na ngazi ya ukumbi ilitoka moja iliyoninyamazisha. Ilikuwa hela 20, ya rangi ya shaba, yenye taji, mwaka 1916 na herufi T. T hiyo ni Tabora. Vita vya Kwanza vilipowafungia Wajerumani njia za bahari, fedha mpya hazikuweza kuwafikia kutoka kwao, kwa hiyo waligonga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli pale Tabora. Waligonga hata za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mwezi Septemba 1916 Dar es Salaam ikaangukia mikononi mwa Waingereza na Tabora mikononi mwa Wabelgiji. Mjerumani akaenda zake, lakini neno lake tumebaki nalo: mpaka leo mtu wa Kariakoo akikudai hukwambia, "Nipe hela yangu." Pesa nayo ilitoka Bara Hindi, na kampuni ya Kijerumani iliigonga kwa shaba tangu mwaka 1890, ikiandika upande mmoja kwa herufi za Kiarabu ili watu wa pwani waikubali.

Na Kariakoo penyewe? Waingereza walipoingia waliweka hapa kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Watu hao walibeba vichwani unga, risasi na majeruhi wa wengine, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Mitaa yetu imejengwa juu ya kambi yao. Nilipoishika hela ile nilijiuliza kama iliangushwa na mpagazi, au kama ilikuja na bibi katika pindo la kanga yake kutoka Tabora. Nikajijibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wanachuo wangu: ushahidi haujafika huko, tusiusukume.

Mashine ilipoingizwa stoo ndipo ililia kwa mlio mwingine, mpana na mzito. Tukavunja sakafu ya saruji. Kiasi cha nusu mita chini lilikuwapo kopo la biskuti lililoliwa na kutu, na ndani yake, katika kitambaa kilichooza, shilingi 186 za Mfalme George wa Sita, simba upande mmoja na kichwa cha mfalme upande wa pili.

Mjukuu wangu alishangilia. Mimi nilikaa chini.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mke wangu mwenyewe nilimweleza baada ya miaka ishirini ya ndoa. Mwaka 1960, nikiwa na miaka kumi, kopo hilo lilipotea. Bibi alikuwa akilificha chini ya kitanda chake. Mwezi ule mafundi walikuwa wakimwaga saruji chumba kwa chumba, na nyumba ilikuwa wazi mchana kutwa. Kazi ilipokwisha, bibi aliinama chini ya kitanda akakuta patupu. Alipiga ukunga mpaka majirani wakajaa.

Chumba cha mbele alikuwa amepanga fundi cherehani, mtu mpole, mwenye mke na mtoto mchanga. Sisi watoto tulimwita Mjomba Fundi, naye alitushonea mipira ya matambara. Bibi aliniuliza mbele ya watu, "Wewe unashinda humu ndani. Umemwona nani akipita ukumbini?"

Nilisema, "Nimemwona Mjomba Fundi."

Ilikuwa kweli. Nilimwona. Alipita ukumbini kwenda uani kama apitavyo kila mpangaji mwenye haja ya choo. Lakini hilo sikulisema, kwa kuwa sikuulizwa, na kwa kuwa watu wazima wote walikuwa wamenitazama kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kama mtu mwenye neno la maana. Mzee mmoja akasema, "Lisemwalo lipo." Likawa limekwisha.

Bibi alitaka isomwe Halbadiri. Fundi alikubali hata bila kusitasita, alisema, "Someni, mimi sina hofu." Lakini mkewe aliogopa kisomo hicho kwa ajili ya mtoto, na wateja waliacha kuleta vitambaa. Kabla ya siku iliyopangwa walipakia cherehani kwenye mkokoteni alfajiri wakahama. Mtaa mzima ukasema kuhama kwake ndiko kukiri kwake. Bibi alifariki mwaka 1964 akiamini hivyo.

Nadhani naweza kueleza yaliyotokea. Bibi aliwaogopa mafundi wa saruji, akaenda kulifukia kopo stoo ambako walikuwa bado hawajafika. Alikuwa ameanza kusahau; miezi ile alikuwa akituita sisi wajukuu kwa majina ya wajomba. Akasahau, na saruji ikamwagwa juu yake. Mwizi wetu alikuwa ni kusahau kwake, na shahidi wake nilikuwa mimi.

Miaka yote nilipofundisha Historia niliwaambia vijana kwamba jambo la kweli likitolewa mahali pake linaweza kudanganya kuliko uongo. Niliwapa mfano wa Mtambwe Mkuu kule Pemba, ambako mwaka 1984 wataalamu walichimbua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa pwani yetu, pamoja na dinari za dhahabu za ukoo wa Fatimiya. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, dinari zilisaidia kuonyesha kwamba hazina ile ilifukiwa karne ya 11. Zingeokotwa moja moja na kuuzwa kwa sonara, tungebaki na fedha tu, bila habari. Nilifundisha hayo kwa ufasaha, nikapandishwa cheo. Sikuwaambia nilikoyajifunzia.

Kulitafuta jina la fundi kulinichukua miezi minne. Mzee mmoja wa cherehani katika barazani za Mtaa wa Kongo alikuwa mwanafunzi wake. Aliniambia mwalimu wake alifariki zamani, lakini binti yake, yule mtoto mchanga, anaishi Buguruni. Nilikwenda peke yangu, na zile shilingi katika mfuko wa kitambaa.

Alinipokea kwa heshima, akaleta chai na mihogo. Nilieleza yote tangu mwanzo. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwalimu, mimi habari hii siijui. Baba alituambia tulihama Kariakoo kwa sababu kodi ilipanda."

Nilitazama kikombe changu. Kwa miaka sitini na mbili nilifikiri kwamba kuna nyumba mahali fulani ambamo jina langu linalaaniwa. Haikuwapo. Yule baba alikuwa ameifukia aibu tuliyomtwika, akamwaga saruji juu yake, ili mwanawe asiirithi. Na mimi, kwa kutaka kutua mzigo wangu, nilikuwa nimekwenda kuichimbua sebuleni mwake.

Nilimwomba radhi mara mbili: kwa ajili ya baba yake, na kwa ajili ya ule mchana wenyewe. Alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza, "Hizi zinanunua nini sasa?"

"Hazinunui kitu. Ziliondolewa katika matumizi kufikia mwaka 1969. Hata bibi angezikuta, baada ya hapo zingekuwa chuma tu."

"Basi ziache," alisema. "Baba alipenda sana kuhesabu." Alizimwaga mezani, akaanza kuzipanga kumi kumi, nami nikamsaidia mpaka zikatimia 186. Tulipomaliza akaniuliza chumba cha mbele kilikuwaje, dirisha lake lilitazama wapi, na cherehani ilikaa upande gani. Hayo niliyajua vizuri. Nilimweleza mpaka adhana ya magharibi.

Nyumba imekwisha kubomolewa. Kikuku cha shangazi hatukukipata. Ile hela ya Tabora ninayo mezani ninapoandika haya, na wajukuu wakiniuliza ilikuwa ya nani, huwajibu kwamba tulikuta sarafu, aliyeiangusha hatukumwona. Wakubwa hucheka wakidhani babu anatania. Mdogo mmoja, wa miaka kumi, alisema anadhani ilikuwa ya mpagazi. Nilimwuliza, "Umejuaje?" Akafikiri sana, akasema, "Sijui, babu, nadhani tu." Nilimpa mkono kama mtu mzima mwenzangu.