Zahanati, Daftari na Maradhi ya Kudumu

Historia ya afya nchini mwetu husimuliwa zaidi kama historia ya hospitali kubwa. Mimi naona kwamba ushindi wetu mkubwa ulipatikana zahanati.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Takribani watu wazima milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Maadui wa siku hizo walikuwa malaria, kichocho, safura na kuhara. Septemba 1978 mataifa 134 yalipokutana Alma-Ata na kutangaza kuwa afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote, kwetu wazo hilo halikuwa geni; tangu Azimio la Arusha la 1967 tulikwisha kuelekeza macho vijijini.

Mfano wenye uzito zaidi, hata hivyo, ni wa kifua kikuu. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ukifuata kwa sehemu kubwa mawazo ya daktari Karel Styblo. Kila mgonjwa aliandikwa daftarini, akapewa kadi na kufuatiliwa mpaka amalize dawa. Taarifa zikatumwa kila robo mwaka. Nyenzo zilikuwa darubini, daftari na dawa zisizokatika. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo ulimwenguni.

Sasa tujiulize: mgonjwa wa presha au kisukari anahitaji nini zaidi ya hayo? Hahitaji kuonwa na bingwa kila mwezi. Anahitaji kupimwa, kupewa vidonge, kukumbushwa juu ya chumvi na sukari, na kutafutwa asipotokea. Anayelazimika kupanda basi hadi wilayani kufuata vidonge, ipo siku atakosa nauli, na siku hiyo ndipo tiba inapokatika. Wengine hujua kuwa wana presha siku wanapopooza.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo jema; lakini zahanati isiyo na kipimo, dawa wala daftari ni nyumba tu. Taifa lililoweza kumfuatilia mgonjwa wa kifua kikuu kwa kalamu na karatasi halina udhuru wa kumpoteza mgonjwa wa presha.