NYUMBA ILIHAMISHWA, KAYA IKABAKI



Juma lililopita tuliitwa kubariki nyumba ya familia changa katika kigango kimojawapo cha parokia yetu. Tulikuta vyumba viwili vya tofali mbichi, dirisha moja, na sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri. Baba na mama wana watoto wawili, mbuzi wachache na shamba la alizeti. Kabla hatujaanza sala, yule baba alituomba radhi: “Samahani Padri, nyumba yenyewe ndiyo hii tu.”

Neno hilo limekaa nasi juma zima. Ni nani aliyemfundisha kijana huyu kuiombea radhi nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ambamo mkewe na wanawe wanalala kwa amani? Tukaona yafaa tutazame nyuma, tukumbuke wazee wetu wa Singida walikaa katika nyumba za namna gani, na nyumba hizo zilipitia mambo gani.

NYUMBA YA WAZEE WETU

Wanyaturu na Wanyiramba, kama jirani zao Wagogo, Warangi na Wasandawe, walijenga tembe. Tembe ni nyumba ya nguzo zenye panda, zilizobeba boriti. Juu ya boriti hupangwa fito na matawi, na juu yake hushindiliwa udongo, hata paa likawa bapa. Kuta zake ni miti iliyokandikwa udongo. Ni nyumba fupi, inayoinama mbele ya upepo wa nchi yetu badala ya kushindana nao. Juu ya paa akina mama walianika mtama na uwele. Ndani, ndama na watu walipata joto la usiku mmoja.

Hatusemi kwamba tembe ilikuwa paradiso. Moshi ulijaa ndani, mwanga ulikuwa haba, na mvua kubwa ilipokuja, paa lilivuja. Lakini ilijengwa kwa vitu ambavyo nchi yenyewe ilivitoa, na kwa mikono ya ndugu na majirani. Aliyejenga hakubaki na deni ila deni la kwenda kumsaidia mwenzake.

Tena, wapendwa, wazee hao waliposikia Injili ya yule mwenye kupooza (Mk 2:1-12), hawakuhitaji maelezo marefu. Anayekaa chini ya bati hushangaa jinsi watu wanne walivyoweza kutoboa paa na kumshusha mgonjwa. Aliyekulia katika tembe hashangai. Nyumba za Palestina wakati wa Bwana wetu zilikuwa na paa bapa la boriti, matawi na udongo, nalo liliweza kuchimbwa, kisha likazibwa tena. Kwa hiyo Bwana wetu alihubiri na kuponya katika nyumba ambayo babu zetu wangeingia wasijione wageni.

MAJARIBU MATATU

Nyumba hizo zilipata majaribu mengi, tutaje matatu.

Jaribu la kwanza ni moto. Mwezi Januari 1875, Henry Morton Stanley, akiwa safarini kuelekea Ziwa Nyanza, alipita katika nchi ya Ituru, ndiyo nchi ya Wanyaturu. Palizuka mapigano ya siku kadhaa mahali alipopaita Vinyata. Watu wengi wakafa pande zote mbili, na msafara wake ukachoma vijiji na kuchukua nafaka, kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu chake.

Jaribu la pili ni kodi. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulianzisha kodi ya nyumba katika koloni lake. Waingereza nao, baada ya vita ya kwanza ya dunia, wakaendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Hivyo makazi ya mtu maskini, ambayo hayakumgharimu fedha kuyajenga, yakaanza kumgharimu fedha kuyakalia. Vijana wengi wa nchi hii walilazimika kuziacha kaya zao na kwenda kutafuta kibarua mbali, ili waipate fedha ya kodi.

Jaribu la tatu wazee wetu wanalikumbuka kwa macho yao. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si jambo la hiari tena, na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamehamia huko. Kufikia mwaka 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 vijijini. Nia ilikuwa kuwafikishia wananchi shule, maji na zahanati, na watoto wengi kwa kweli walipata shule. Lakini namna ya kuhamisha iliacha majeraha. Katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Kwa Mnyaturu hasara ilikuwa na sura ya pekee: mashamba yake yalizunguka kaya, na yalipata rutuba kutokana na samadi ya zizi lake. Kumhamisha kulikuwa kumtenga na udongo ambao baba na babu yake waliulisha miaka mingi.

Fikirini basi familia changa za miaka ile: mume, mke na mtoto mgongoni, wamefika kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kamba, hakuna kitu ila nyasi. Walianza na kibanda. Waliwasha moto, wakapika ugali, wakasali, wakalala. Nyumba ilikuwa imebaki nyuma, lakini kaya ilikuwa imefika salama.

Katika miaka hiyohiyo jimbo letu la Singida lilikuwa bado changa, kwa maana liliundwa mwaka 1972. Na mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Kanisa likaingia kusali katika nyumba za watu, kila juma kwa zamu, na hadi leo hakuna nyumba iliyo ndogo mno isiweze kupokea jumuiya. Wakikosa nafasi ndani, waamini husali uani.

NYUMBA YA NAZARETI

Mwezi Desemba 2009 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba wamechimbua huko Nazareti mabaki ya nyumba ya wakati wa Bwana wetu: vyumba viwili, ua, na kisima cha kuhifadhi maji ya mvua. Hakuna anayedai kwamba ndiyo nyumba ya Yosefu na Maria. Lakini inatuonesha majirani zao waliishi namna gani. Vyumba viwili na ua! Mwana wa Mungu alikaa miaka ipatayo thelathini katika kijiji cha namna hiyo, na Injili haitusimulii hata mara moja kwamba Yosefu aliomba radhi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani. Haukutaja ukubwa wa vyumba.

TUJIULIZE

Twasema haya kwa sababu ya uchungu tulio nao kama wachungaji. Vijana wengi wanaishi pamoja miaka mitano, miaka kumi, bila sakramenti ya ndoa, wakisema: “Tukimaliza nyumba ya bati, tutafunga ndoa.” Wanakaa mbali na Komunyo Takatifu kwa kungojea misumari na saruji. Wapendwa, Kanisa linadai ridhaa huru ya wawili, mbele ya mhudumu wake na mashahidi wawili. Halidai bati.

Wala hatusemi mtu apende umaskini. Jengeni nyumba zenye madirisha na hewa safi, tafuteni maji salama, wekeni akiba. Ila msiahirishe upendo, msamaha na sala hadi siku ya kuhamia. Furaha isiyopatikana katika vyumba viwili, je, itapatikana katika vyumba sita?

Yule baba tulimjibu hivi: “Mwanangu, usiombe radhi. Sisi ndio tunaoomba ruhusa ya kuingia.” Kisha tukabariki pembe zote nne, na haikuchukua muda mrefu. Mama alituletea uji, watoto wakalala mkekani kabla hatujaaga.

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.

Tumsifu Yesu Kristo! Milele, Amina.