Njia Zilizonyooka za Buganda

Aprili 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alifika Busabala, kusini mwa Makindye, kwa mashua yake Lady Alice. Kabaka, yaani mfalme, Mutesa wa Kwanza wa Buganda alikuwa amepiga kambi huko kando ya Ziwa Nyanza. Siku chache baadaye msafara wa Kabaka ulirudi makaoni Rubaga, nao Stanley akaufuata kwa njia ya nchi kavu.

Nchi yenyewe si rahisi kuikata. Makindye, Muyenga na Buziga ni vilima vya Kampala ya leo, na mabondeni mwake kuna vinamasi vya mafunjo vinavyommeza mtu hadi kiunoni. Hata hivyo njia za Buganda hazikukwepa kitu. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyeingia nchini mwaka 1862, alistaajabu kuona zilivyo pana na jinsi zinavyopanda kilima na kuteremka moja kwa moja, bila kuzunguka.

Sababu inaeleweka. Hapakuwa na gari la magurudumu wala mnyama wa mizigo. Mizigo ilibebwa kichwani, na mtu wa miguu hupanda mwinuko ambao mkokoteni ungeshindwa. Kazi ngumu ilikuwa bondeni. Huko watu walilaza magogo ya mikindu na matete, wakayafunika kwa udongo, na mvua ilipoyazamisha wakaanza upya.

Kazi hiyo iliitwa bulungi bwansi, yaani wema wa nchi. Kila chifu wa saza, yaani jimbo, aliwajibika kuitunza njia inayotoka kwake hadi kwa Kabaka. Saza la Kyaddondo, lililoizunguka ikulu, lilikuwa chini ya Kaggo. Mutesa alihamisha makao yake mara kadhaa, kutoka Banda hadi Nabulagala na Rubaga, na kila alipohama njia zilifuata. Ni jasho la kutisha. Wafanyabiashara wa pwani, waliofika kwa Kabaka Suuna tangu miaka ya 1840, walikanyaga jasho hilo hilo wakileta nguo na bunduki.

Magari yalipokuja, barabara zilijipinda kufuata miteremko. Lakini kinamasi kinavukwa tena moja kwa moja: mwaka 2018 ilifunguliwa barabara ya kasi ya Entebbe, yenye tawi la Munyonyo na daraja linalovuka kinamasi cha Nambigirwa kwa zaidi ya kilomita moja.

Speke na Stanley wameandikwa vya kutosha. Wanaoandika historia ya Kampala watafute habari za waliolaza magogo: wazee wa Busabala na Kansanga waulizwe sasa waliyosimuliwa, wakiwa wangali hai.