Simu ya Upepo Bondeni Kilombero
Kabla ya daraja la mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, khabari ya mgonjwa ilingoja kivuko pamoja na mgonjwa mwenyewe. Hospitali za mbali zilitegemea simu ya upepo. Madaktari Warukao, walioanza Nairobi mwaka 1957, baadaye waliitana nazo kwa mawimbi yarudishwayo na anga ya juu.

Redio ya mkononi haifiki mbali hivyo, milima ya Udzungwa huikinga. Lakini hapa Katindiuka, penye tambarare, yafaa. Wote huweka chaneli moja. Mmoja hubonyeza, husema, kisha huachia, kwani abonyezaye hasikii. (Sisi walimu, tupendao kusema, twalichelewa kujifunza hilo.) Betri nayo ijazwe umeme mapema. Usiku mmoja wa masika yetu ilizimika kabla ya jina la kijiji kutajwa. Mtumbwi ukakaa ukingoni hata alfajiri, maana hatukujua uende wapi.